UZI: Maabara ya baiolojia imepata programu ya kufuatilia kazi. Kwenye "Mradi" unaandika nini?

MtegaMbu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Swali moja limekuwa likinijia PM mara kwa mara kutoka kwa vijana walioanza kazi kwenye maabara za utafiti. Naona nilijibu hapa hadharani ili wenye uzoefu kunizidi wakosoe.

Maabara imepata programu ya kufuatilia sampuli na majaribio, iwe eLabFTW, SENAITE, openBIS, Benchling au nyingine. Unaifungua, na kitu cha kwanza inachokuuliza ni jina la mradi. Wengi huandika jina la mfadhili. Wengine huandika jina la mtafiti mkuu, na wapo wanaoandika mwaka tu. Miezi ya mwanzo kila mtu anafurahi na ripoti zinatoka. Balaa huanza ruzuku ikishaisha huku friza ikiwa bado imejaa.

Nitatumia mfano wa mbu maana ndiyo kazi inayonilisha. Chukua Anopheles jike mmoja aliyenaswa kwenye mtego wa taa wa CDC, kijiji fulani bonde la Kilombero. Akifika maabara anakatwa vipande: miguu inakwenda PCR (kipimo cha DNA) ya kutambua spishi, kichwa na kifua vinakwenda ELISA (kipimo cha protini) kutafuta vimelea vya malaria, na tumbo likiwa na damu linapimwa kujua alimnyonya mtu au ng'ombe. DNA inayobaki inarudi friza. Miaka inapita, anakuja mtafiti mwingine mwenye fedha nyingine na swali lingine, tuseme usugu dhidi ya viuatilifu, naye anaitaka DNA ileile.

Kama mbu huyo alisajiliwa ndani ya mradi wa kwanza, una njia mbili na zote mbovu. Ukimsajili upya kwenye mradi wa pili kwa namba mpya, mbu mmoja amekuwa wawili, na hakuna atakayejua tena kwamba majibu ya ELISA ya yule ni ya huyu. Ukimwacha kule kwa zamani na kazi mpya ukaifanyia hukohuko, mradi ambao mhasibu alishaufunga unaendelea kutoa matokeo, na mkaguzi akija mnaanza kutazamana.

Hili hutokea kweli. Mwaka 2024 ilichapishwa taarifa ya mabadiliko ya jeni ya kdr (yanayompa mbu usugu dhidi ya baadhi ya viuatilifu) kwa Anopheles funestus wa Morogoro, jambo ambalo kabla ya hapo halikuwa limeripotiwa kwa spishi hiyo. Kazi kama ile inahitaji mbu wa miaka ya nyuma ambao bado inajulikana walinaswa wapi na lini. Mbu asiye na historia ni takataka inayokula umeme.

Msimamo wangu ni huu: sampuli haimilikiwi na mradi. Sampuli ina namba yake, ina asili yake na ina mahali pake kwenye friza. Ni kama namba ya NIDA, unahama kazi, unahama mkoa, namba ni ileile. Mradi kwa upande wake una swali. Sampuli na mradi vinakutana kwenye jaribio. Jaribio ndilo linalosema: nimechukua sampuli hizi, kwa ajili ya swali hili, kwa itifaki hii (maelekezo ya namna ya kufanya) toleo hili, tarehe hii, nimepata hiki.

Na mfadhili? Mfadhili ni lebo. Mradi mmoja unaweza kuwa na wafadhili wawili, na mfadhili mmoja anaweza kulipia miradi mitano. Mweke kwenye sehemu yake, ripoti yake utaichuja dakika moja.

Karibuni.

DadaPipeti

Mkuu, uzi mzuri. Ila nadharia ni tamu, mtafiti mkuu wangu anataka afungue programu aone jina la ruzuku yake juu kabisa. Nikimwambia mfadhili ni lebo atanifukuza ofisini.

Halafu naomba unifafanulie, mradi unaishia wapi? Hapa kwetu kila kitu kinaitwa mradi. Kufuga mbu ni mradi, kununua kemikali ni mradi, mwanafunzi wa shahada ya uzamili ni mradi.

MtegaMbu

Dada, mtafiti mkuu mwekee ukurasa uliochujwa kwa lebo ya ruzuku yake, umpe kiungo akihifadhi. Atakachoona ni kilekile anachotaka. Yeye anahitaji kuona kazi yake imekaa pamoja, na hilo linapatikana bila kuzivuruga sampuli.

Kuhusu mipaka, kipimo changu ni kwamba mradi uwe na swali linaloandikika kwa sentensi moja, na uwe na siku utakapoisha. "Je, Anopheles funestus wa vijiji hivi bado wanakufa kwa kiuatilifu cha deltamethrin?" Huo ni mradi. "Mbu" siyo mradi.

Kazi zisizoisha ziwekee fungu lake la kudumu, sisi tunaliita Huduma za Maabara. Humo unaweka ufugaji wa makoloni (kama mna mbu wa Kisumu wanaotumika kama kipimo cha mbu wasio na usugu, wanakaa humo), usafi na vipimo vya vifaa, oda za vitendanishi. Mradi wowote ukitumia mbu wa koloni, jaribio lake linaelekeza kwenye kizazi kilichotumika, na koloni lenyewe linabaki pale lilipo.

Mwanafunzi ni mtumiaji, ana akaunti yake. Majaribio yake yanaingia kwenye mradi wa maabara. Akishahitimu akaunti inafungwa na kazi inabaki. Wale mnaofungua folda yenye jina la mwanafunzi, siku anahama na laptop yake ndipo mtajua data ilikuwa ya nani.

Mwana_wa_Kilifi

Salaam kutoka Pwani ya Kenya. Nimesoma, na hapo "sampuli haimilikiwi na mradi" ndugu yangu nakupinga. Kwa mbu sawa. Mbu hakutia sahihi fomu yoyote.

Mimi nashughulika na damu za watoto. Mzazi alikubali damu ya mwanawe ipimwe malaria kwenye utafiti ulioelezwa kwenye fomu ile. Kama hakukubali jeni za mtoto zichunguzwe, huwezi kuja baadaye ukasema sampuli iko huru, nataka DNA. Kamati ya maadili itakukalia kooni, na ni haki yake. Tena sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 inahesabu taarifa za afya na za jeni kuwa nyeti. Nanyi Tanzania mna yenu ya 2022.

Programu nyingi za hifadhi ya sampuli za binadamu zimejengwa kwa mantiki hiyo. OpenSpecimen inaanzia kwenye itifaki ya ukusanyaji, chini yake mshiriki, kisha ziara ya mshiriki, kisha sampuli, kisha vipande vilivyogawiwa kutoka sampuli mama. Huwezi kuingiza kichupa kisichokuwa na itifaki juu yake. Kwa hiyo sampuli ina mwenyewe, na mwenyewe ni ridhaa.

MtegaMbu

Hoja nzito hiyo, na kwa sampuli za binadamu nakubaliana nawe karibu yote. Ila angalia neno ulilolitumia mwenyewe: ridhaa. Itifaki ya ukusanyaji inaeleza sampuli *ilitoka* wapi na kwa masharti gani, na asili hiyo haibadiliki. Mradi unaoitumia leo ni kitu kingine.

Ndiyo maana ningeweka masharti kwenye sampuli yenyewe, siyo kwenye folda: namba ya kibali cha maadili, kibali kinaisha lini, ridhaa inaruhusu nini (kipimo hiki tu, au utafiti wa baadaye, au jeni, au kupelekwa nje ya nchi). Sharti likiwa kwenye sampuli, linaifuata hata ikihamia kisanduku kingine. Likiwa kwenye jina la mradi, siku mradi unabadilishwa jina sharti limekwenda na maji.

Mwana_wa_Kilifi

Hapo tumekaribiana. Ongeza kwamba programu ikatae, isionye tu. Mtu akijaribu kuifunga sampuli isiyo na ridhaa ya jeni kwenye jaribio la jeni, mlango ufungwe. Onyo la rangi ya njano watu hulibofya likapotea bila kulisoma.

Na jina la mtoto lisiingie humo kabisa. Kwetu fomu za washiriki zinakaa REDCap, maabara inaona namba tu, na ufunguo wa kuunganisha namba na jina uko kwa watu wachache. REDCap ilianzia chuo kikuu cha Vanderbilt mwaka 2004 kwa kazi hiyo hasa ya fomu za utafiti wa kitabibu. Wanaojaribu kuigeuza iwe ramani ya friza huishia kujisumbua.

mzee_wa_seva

Nimepita hapa kama mtu wa TEHAMA, biolojia niliiacha kidato cha nne.

Kabla hamjabishana kuhusu miradi, ulizeni: umeme ukikatika saa nane usiku, data iko wapi? eLabFTW ni huria na bure, ilianzia Institut Curie, Paris. Inakaa kwenye Docker na MySQL (programu za kuiendesha na kuhifadhi data zake), kompyuta ya kawaida kwenye mtandao wa ndani inaibeba, na intaneti ikikatika maabara inaendelea kuandika. Hilo kwa mazingira yetu ni kubwa. Benchling na wenzake wanaoishi kwenye wingu ni wazuri, lakini laini ikisinzia na kazi imesinzia.

Ila kuwa na seva ya ndani maana yake mna mtu wa kuilea. Nakala za akiba ziwe tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja iwe nje ya jengo. Na mjaribu kuzirejesha! Nakala ambayo hakuna aliyewahi kuirejesha ni matumaini tu. Nimeona ofisi moja, sitaitaja, nakala zao za akiba zilikuwa kwenye diski ileile yenye mfumo.

Mzee Hadubini

Wanangu, mimi ni mstaafu. Sisi tulikuwa na daftari la jalada gumu lenye kurasa zenye namba, kosa linachorwa mstari mmoja na kutiwa saini, hakuna kuchana karatasi. Daftari moja, mtafiti mmoja, na mwisho wa mwaka linafungiwa kabatini kwa mkuu wa idara. Programu hizi zinatufundisha nini ambacho daftari lilishindwa?

MtegaMbu

Shikamoo mzee. Nidhamu ile ndiyo msingi, programu imeikuta. Hata humo ndani jaribio likikamilika linafungwa lisihaririwe, na linapigwa muhuri wa muda wa kielektroniki unaoonyesha kwamba maandishi yalikuwepo tarehe ile. Ndiyo saini yako na mstari wako mmoja.

Daftari lilishindwa jambo moja: kujibu swali kutoka upande wa pili. Ukiwa na ukurasa unajua sampuli zipi zilitumika. Ukiwa na kichupa mkononi, daftari haliwezi kukuambia ni kurasa zipi zote kimewahi kutokea, mpaka usome madaftari yote.

Mzee Hadubini

Marahaba. Hapo umenijibu. Lakini msiwaruhusu kuingia na laptop chumba cha kuchanganyia PCR.

DadaPipeti

Mzee ameniwahi 😂 Sisi tunachapa karatasi ya sahani ya visima 96, tunajaza kwa peni, tunapiga picha, tunaibandika kwenye jaribio siku hiyohiyo. Siyo kesho.

Niko_Basel

Niko Uswisi kimasomo kwa sasa. Huku nimekutana na openBIS, ya ETH Zurich, nayo ni huria. Mpangilio wake unaanza na nafasi ya kikundi, ndani yake mradi, ndani yake jaribio, kisha kitu chochote unachokifuatilia (sampuli, plasmidi, kemikali), kisha faili za data. Uzuri wake ni kwamba akiba ya vitu vya maabara inakaa sehemu tofauti na majaribio, na kitu kimoja kinaweza kuwa na wazazi na watoto. Mbu ni mzazi, DNA ni mtoto, bidhaa ya PCR ni mjukuu. Unabofya mjukuu unaona ukoo mzima kwenye mchoro.

Watu wa bioinfomatiki wana mpangilio unaoitwa ISA, ngazi tatu: uchunguzi mkubwa, tafiti ndani yake, vipimo ndani ya kila utafiti. Jukwaa la SEEK linautumia. Ngazi tatu zinatosha. Nimeona kikundi kimeweka ngazi saba na hakuna aliyekumbuka kitu kiko ya ngapi.

Na mleta uzi, kuna ushahidi mwingine wa upande wako ambao hujautaja. Ukipeleka data za jenomu NCBI (kituo cha Marekani cha taarifa za baioteknolojia) unafungua BioProject yenye namba inayoanza na PRJNA, na kila sampuli inapata BioSample yake inayoanza na SAMN. Ni rekodi mbili tofauti kwa makusudi, na BioSample moja inaweza kuhusishwa na zaidi ya BioProject moja. Moja ya hazina kubwa za data za jeni duniani imepanga hivyo. Ukiwa umepanga hivyohivyo tangu mwanzo, siku ya kupeleka data ni kunakili tu.

MtegaMbu

Asante sana mkuu, hiyo ya BioSample nitaitumia kwenye kikao.

Ngoja nioneshe mnyororo kwa jaribio ambalo wengi mnalijua, kipimo cha WHO cha neli. Mbu kama 25 kila neli, neli nne zenye karatasi ya kiuatilifu na mbili za kulinganishia zisizo na dawa, saa moja, kisha unawahamisha na kuhesabu waliokufa baada ya saa 24. Wakifa asilimia 98 au zaidi hao hawana usugu. Chini ya 90 usugu umethibitika. Katikati hapo unarudia.

Wengi wanaingiza asilimia peke yake kwenye programu. Mimi nataka hivi: jaribio linaelekeza kundi la mbu lililoingia (mabuu yaliokotwa dimbwi gani, lini, wamelelewa siku ngapi), toleo la itifaki, toleo la karatasi za dawa na zimetumika mara ngapi, joto na unyevu wa chumba, na hesabu ya kila neli peke yake. Matokeo yakitoka, kila mbu anapata namba yake, aliyekufa na aliyepona, kwa sababu kesho waliopona watalinganishwa na waliokufa kwenye PCR ya jeni za usugu. Hapo zao la jaribio la kwanza limekuwa sampuli ya jaribio la pili. Usipoandika aliyepona ni nani, PCR yote inapoteza maana.

Na vifo kwenye neli zisizo na dawa vikizidi asilimia 20 jaribio linafutwa, lakini usilifute kwenye programu. Lipe hadhi ya limeshindikana, liache. eLabFTW inakuja na hadhi hizo tayari: linaendelea, limefaulu, lirudiwe, limeshindikana. Majaribio yaliyoshindikana yakikaa pamoja unaanza kuona mambo. Yote ni ya karatasi za toleo lile. Yote ni ya wiki ile kiyoyozi kilipoharibika.

Muhogo_Mweupe

Sisi wa mazao tunacheka tu maana jambo hili tulilazimishwa zamani na mmea wenyewe. Muhogo unazalishwa kwa vipando, kwa hiyo aina moja ni mmea uleule kijenetiki iwe Kibaha, Bukoba au Namulonge kule Uganda. Huwezi kusema aina ni ya jaribio la shamba fulani. Kwenye Cassavabase, hifadhidata ya muhogo, aina ina ukurasa wake na majaribio ya shamba yana kurasa zake, ndani ya jaribio kuna vitalu, na kila kitalu kinaelekeza aina iliyopandwa. Ukifungua aina unaona mashamba yote ilikopandwa na ilivyopata batobato au michirizi kahawia kila mahali.

Shambani tunaingiza kwa simu kupitia Field Book, bakodi kwenye kibao cha kila kitalu. Jua kali, skrini haionekani, lakini afadhali kuliko kunakili mara mbili.

Sasa swali: namba. Kwetu watu wanapenda namba inayosema. Mahali, mwaka, aina, rudio, vyote ndani ya namba moja. Inasaidia ukiwa shambani.

Friza80

Namba inayosema inasema na uongo. Hapa mbu akishukiwa kwa macho kuwa funestus, fundi alikuwa anaandika FUN ndani ya namba. PCR inarudi inasema rivulorum, au leesoni. Hao wanafanana kwa sura, ni kundi moja, lakini kwa kueneza malaria hawalingani hata kidogo. Namba imeshabandikwa kwenye kichupa, kwenye DNA, kwenye sahani. Utabadilisha vyote?

Namba iwe bubu. Herufi mbili za maabara na tarakimu, basi. Maelezo yote yakae kwenye rekodi, ambako yanaweza kusahihishwa na marekebisho yakaonekana.

Muhogo_Mweupe

Sawa, ila chapisha maelezo mafupi chini ya namba kwenye lebo. Mtu aliye shambani bila mtandao asomeje namba bubu?

Friza80

Hilo halina shida. Lebo inaweza kusema lolote, mradi namba yenyewe haisemi.

Nikiwa hapa niongeze ya friza maana ndiko ninakoishi. Mahali pa sampuli paandikwe kwa ngazi: friza, rafu, raki, kisanduku, nafasi. Kisanduku cha 9 kwa 9 ni vichupa 81, na mjue mnahesabu kutoka kona ipi, mkibishana hilo baadaye mmekwisha. Kisanduku kinaruhusiwa kuchanganya miradi. Watu wananishangaa nikisema hivyo, lakini kutenga kisanduku kwa kila mradi ndiko kunakojaza friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri kwa visanduku vyenye vichupa kumi na moja kila kimoja. Nafasi ile ni ghali, na jenereta inakunywa dizeli.

Wino wa kalamu unafutika kwa ethanoli. Kwa mbu walio ndani ya ethanoli andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ukitumbukize humohumo, wataalamu wa wadudu wamefanya hivyo miaka na miaka. Kwa vichupa vidogo tumia bakodi ya mraba ya Data Matrix, inaenea mahali ambapo ya mistari haienei.

Kijana_wa_SUA

Samahani wakubwa, nina swali la kishamba. Maabara yetu ni watu wachache, hatuna seva, hatuna mtu wa TEHAMA. Tuna Excel. Tufe?

mzee_wa_seva

Msife. Ila Excel ina tabia zake. Jeni SEPT2 inaigeuza kuwa tarehe ya Septemba, MARCH1 inaigeuza ya Machi. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba kamati ya majina ya jeni za binadamu, mwaka 2020, ilitangaza majina mapya, leo ni SEPTIN2 na MARCHF1. Dunia ilibadilisha majina ya jeni kwa sababu ya programu ya mahesabu!

DadaPipeti

Na kisima E5 cha sahani ya 1, ukiandika 1E5 kinakuwa laki moja. Na namba 0012 inakuwa 12. Fomati safu iwe maandishi *kabla* ya kuingiza chochote. Tarehe andika mwaka kwanza, 2025-03-07, maana 03/07 ya huyu ni ya Machi na ya yule ni ya Julai.

MtegaMbu

Kijana, swali lako siyo la kishamba, ndiko wengi waliko. Tengeneza majedwali manne, siyo moja pana lenye safu sitini.

La kwanza Sampuli: namba, sampuli mama, aina, ilikotoka, tarehe, aliyekusanya, kibali, mahali kwenye friza, hali yake (ipo, imeisha, imetumwa). La pili Miradi: namba, swali, mhusika, mfadhili, mwanzo, mwisho. La tatu Majaribio: namba, mradi, itifaki na toleo, tarehe, aliyefanya, hadhi, faili la matokeo liko wapi. La nne ndilo watu hulisahau, ni la kuunganisha tu: namba ya jaribio, namba ya sampuli, kisima, jibu. Mstari mmoja kwa kila sampuli kwa kila jaribio. Litakuwa refu, liache liwe refu.

Ukiwa na hayo manne safi, kuhamia eLabFTW au openBIS baadaye ni kazi ya kupakia faili. Ukiwa na jedwali moja lenye rangi za manjano maana yake "rudia" na kijani maana yake "muulize dada wa ELISA", hakuna programu itakayokuokoa.

Kijana_wa_SUA

Asante mkuu. Za zamani je? Tuna friza imejaa vichupa vya watu walioshaondoka. Tuanze kwa kuingiza vyote?

Friza80

Ndiyo, fungeni kazi muihesabu friza yote. Mkiacha leo hamtafanya tena.

MtegaMbu

Hapa mimi na Friza80 hatuelewani, na ni ugomvi wa siku nyingi. Mkianza na sensa ya friza nzima mtachoka kabla hata programu haijatumika kwa kazi mpya, na watu wataichukia. Wekeni siku: kuanzia tarehe hii hakuna kichupa kipya kinachoingia friza bila namba. Visanduku vya zamani vinaingizwa siku mtu anapovigusa, kisanduku kizima siyo kichupa kimoja. Visivyoguswa viandikwe kama kisanduku kimoja chenye maelezo, "vichupa visivyojulikana, lebo imefutika", na mahali kilipo.

Friza80

Na barafu ikishawafunika vile visivyoguswa?

MtegaMbu

Mkiyeyusha barafu ya friza mnavigusa, au siyo? Siku hiyo mnaingiza.

Mwana_wa_Kilifi

Kwa sampuli za binadamu msingoje kuguswa. Kibali kilichoisha muda kinaisha iwe mmefungua kisanduku au la. Hizo zitafuteni kwanza, mjue zipi zinatakiwa kuharibiwa na zipi mnaweza kuziombea kibali kipya. Za mbu zingoje barafu.

Friza80

Hapo sawa. Kijana, damu kwanza. Na kabla ya kugusa kisanduku chochote uwe na visanduku vitupu vilivyopozwa tayari na barafu kavu mkononi. Lebo zichapwe jana yake. Mlango wa friza ukae wazi kwa muda wa kutoa raki moja tu, halafu funga, kazi ya kusoma lebo fanyia nje.

Kijana_wa_SUA

Printa gani ya lebo inavumilia ethanoli na baridi ya namna hiyo?

Friza80

Ya kuhamisha wino kwa joto, yenye utepe wa resini. Zile zinazochapa kama risiti ya dukani achana nazo, maandishi yanafifia. Na lebo ziwe za baridi kali, bandika kichupa kikiwa bado kikavu na hakijaganda. Ukibandika juu ya umande wa baridi itadondoka chini ya kisanduku, nawe utabaki na kichupa kisicho na jina. Nitumie PM nikupe vipimo vya lebo tunazotumia kwa vichupa vya mililita 2.